Singe Ndani ya Ala: Uzito Wake Kiunoni na Mkononi

Alipofariki mzee mmoja wa kijijini kwetu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles katika vita vikuu vya pili, wanawe walinijia jioni moja wakaniomba niwaandikie orodha ya vitu vya marehemu baba yao. Mimi ni karani, na kazi ya karani haiishii ofisini. Akirudi nyumbani hukuta barua za majirani zikimngoja, na hati za mashamba, na mara nyingine mambo ya urithi. Basi nilichukua kalamu na daftari nikaenda. Tuliandika mbuzi, tukaandika mabati, tukaandika baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma. Mwishowe yule kitinda mimba aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa kitu kirefu kilichofungwa katika gunia kuukuu. Tulipokifungua tuliona singe, yaani silaha ile ambayo wengine huiita beneti, kisu kirefu kinachotiwa mwishoni mwa bunduki. Ilikuwa ndani ya ala yake ya ngozi nyeusi, yenye vichuma mdomoni na nchani, pamoja na kipande cha turubai ngumu cha kuishikiza kwenye mkanda.

Ubishi ulianza palepale. Mwana mkubwa alisema kwamba kitu kile hakiwezi kugawanywa, kwa kuwa huenda kikawa mali ya Serikali. Mdogo wake alisema kuwa ni panga tu, tena panga zuri, naye analihitaji shambani. Wakanigeukia mimi. Sikuwa na jibu la kuwapa, lakini nilipoipokea mikononi nilikumbuka neno la marehemu. Tulipokuwa watoto tulizoea kumzunguka na kumwuliza habari za Burma, nasi tulitaka kusikia juu ya kuchomana na kukimbizana. Yeye alijibu kila mara, "Wajukuu zangu, ile singe ilinipiga mimi mara nyingi kuliko ilivyompiga adui." Tukacheka bila kufahamu.

Asubuhi yake tuliipeleka dukani ili tuipime, maana niliona si vema orodha iandikwe bila vipimo. Singe tupu ilikuwa gramu 470 hivi. Iliporudishwa ndani ya ala, na kile kipande cha turubai kikiwa juu yake, mshale wa mzani ulipita gramu 700. Yaani theluthi moja ya mzigo, au zaidi kidogo, haikuwa silaha bali nyumba ya silaha. Mwenye duka alicheka. "Hata kilo ya sukari haifiki!" akasema. "Wazee hawa walikuwa wakilalamikia nini?"

Swali lile lilinifuata mpaka ofisini, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma vitabu na kuwauliza waliopata kuvaa kitu kama hicho. Habari niliyoipata ni hii. Mzani wa mwenye duka haukusema uongo, lakini ulipima kitu kilicholala. Askari hakichukui kikiwa kimelala. Hukichukua kikining'inia upande mmoja wa kiuno, naye yu safarini, mvua inanyesha, na mabegani ana mizigo mingine. Kisha siku ya kukitumia hukitia mwisho wa bunduki, mbali na mwili wake. Uzito ni ule ule, lakini kazi zake ni mbalimbali.

Kwanza niseme habari ya chombo chenyewe. Juu ya chuma chake, karibu na mpini, imepigwa chapa 1907. Mwaka huo si lazima uwe ndio iliotengenezwa, maana ni jina la namna yake. Waingereza walipotoa bunduki yao mpya fupi mwaka wa 1903, waliipa singe yenye bapa la inchi 12, yaani sentimeta 30. Lakini wakubwa wa jeshi waliingiwa na shaka. Mataifa mengine yalikuwa na bunduki ndefu zaidi, nao waliona kwamba askari wao akikutana na mwenzake ana kwa ana atazidiwa urefu wa mkono. Kwa hiyo wakaitazama singe ya Wajapani, wakaiga, wakarefusha bapa hata likawa inchi 17, karibu sentimeta 43. Pamoja na mpini wake ilikuwa kama sentimeta 55. Ikitiwa katika bunduki, urefu wa vyote viwili ulifika meta moja na nusu na zaidi, yaani kimo cha mtu mfupi. Ubavuni mwa bapa kuna mfereji. Watu wengi husema, nao husema kwa hakika kabisa, kwamba mfereji ule ni wa kupitishia damu. Sivyo. Mhunzi ameupunguza uzito mahali ambapo chuma hakihitajiki sana, bila kuifanya singe ilegee. Hata wakati ule, basi, waliofanya kazi hii walikuwa wakihesabu kila gramu.

Sasa tuje kwenye kuichukua. Singe ya namna hii ilivaliwa upande wa kushoto, ala ikishuka kutoka mkandani kuelekea gotini. Mtu akisimama katika gwaride inapendeza macho. Akianza kwenda, mguu wa kushoto ukisonga mbele, ala nayo husogezwa mbele. Mguu ukirudi, ala hurudi na kuligonga paja. Mwendo wa kilometa 20 ni hatua elfu ishirini na sita hivi, na nusu yake ni za mguu wa kushoto. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi gramu zile mia saba zimebisha hodi mahali pamoja. Ndiyo maana Mzee alikuwa na alama nyeusi pajani ambayo haikutoka mpaka anakufa, nasi watoto tulidhani ni ya risasi.

Kwenda kwa miguu ni afadhali kuliko kukimbia. Mtu akikimbia kitu kinachoning'inia hakimfuati, bali kina mwendo wake chenyewe. Kinaruka juu wakati yeye anashuka. Askari mwenye busara aliifunga ncha ya ala kwenye paja kwa kamba. Asiye na kamba aliishika kwa mkono wa kushoto akikimbia, na hivyo akabaki na mkono mmoja wa kushika bunduki ya kilo nne. Na kuketi je? Ukiketi ndani ya lori na sentimeta 55 za chuma ubavuni, ama ncha itagonga sakafu na mpini upande kukuchoma mbavuni, ama uisukume nyuma imsumbue jirani yako. Mtu akitambaa kwa tumbo, ala hugeuka ikaingia katikati ya miguu, au hukwama katika mizizi. Ukiifunga juu sana, karibu na kwapa, haiwezi kupigapiga paja, lakini mpini unasimama mahali ambapo kiwiko kinataka kupita. Ukiifunga chini, kiwiko kina nafasi na paja linalia. Hakuna mahali palipokuwa pema kabisa, na kila askari wa zamani niliyemwuliza alikuwa na dawa yake mwenyewe, akiwacheka wenzake wenye dawa nyingine.

Tena singe haikuwa peke yake upande ule. Katika mikanda ya turubai iliyotolewa kwa jeshi la Waingereza mwaka wa 1908, mpini wa kijembe cha kuchimbia handaki ulifungwa sambamba na ala ile ile. Kwa hiyo nyonga moja ilichukua chuma, ngozi na mti pamoja. Chupa ya maji iliwekwa upande wa kulia, nayo ilisaidia kulinganisha mizani, lakini maji hunywewa. Kufika adhuhuri chupa ilikuwa nyepesi, na singe ilikuwa vile vile ilivyokuwa alfajiri. Mkanda ukavutwa kushoto, na mgongo ukapinda kidogo upande wa kulia ili kuurudisha. Mkulima aliyewahi kubeba ndoo moja kutoka mtoni anajua kwamba ndoo mbili hupunguza taabu kuliko moja, ijapokuwa uzito umezidi.

Hapa nikumbushe, kwa kupita tu, kwamba katika vita vya 1914 hadi 1918 sehemu kubwa ya mizigo ya majeshi katika nchi zetu ilichukuliwa na wapagazi vichwani na mabegani, na jina la Kariokor mjini Nairobi limetokana na kikosi chao. Wale hawakupewa singe. Lakini kila gramu iliyowekwa juu ya askari na ikamshinda ilikuwa na njia ya kuishia kichwani mwa mpagazi.

Mvua nayo ina neno lake. Mwaka wa 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika yasiyo na kifani, matope yakifika magotini, mpaka Desemba mwaka ule walipovuka mto Chindwin penye Kalewa. Ngozi ya ala hunywa maji. Ikishiba huwa nzito, na mbaya zaidi ni kwamba inavimba. Ikikauka hukakamaa na kulikaza bapa. Mzee alituambia kwamba kulikuwa na asubuhi ambapo watu wawili walishikana, mmoja akivuta ala na mwingine akivuta mpini, kama watu wavutao kamba siku ya michezo, na singe ilipotoka ilikuwa na kutu kama msumari wa zamani. Ala za chuma ambazo majeshi mengine yalizitumia hazinywi maji, lakini zina sauti. Zikigonga jiwe au kitako cha bunduki usiku, husikika mbali. Kwa hiyo watu walizifunga vitambaa, na vitambaa vikanywa maji badala ya ngozi!

Na kuitoa alani pia kunategemea urefu na uzito. Bapa la sentimeta 43 halitoki mpaka mkono umenyoshwa kiasi hicho. Mtu aliyesimama anaweza. Aliyelala kifudifudi, au aliyebanwa katika handaki jembamba, hana nafasi ya kuunyosha. Mdomoni mwa ala kuna vichuma viwili vidogo vinavyolibana bapa lisianguke; vikilegea, uzito wa mpini, ulio juu, huielemeza singe ikamtoka mtu anapoinama. Rafiki mmoja wa Mzee alipoteza yake namna hiyo alipokuwa akivuka kijito katika mafunzo. Hakuna aliyesikia ikianguka. Jioni vitu vilipokaguliwa alikutwa na ala tupu, akakatwa mshahara, naye alikuwa ameahidi kuutuma nyumbani kwa ajili ya karo ya mdogo wake. Nasema hivyo ili msomaji asidhani kwamba jambo hili la vishikizo na mikanda ni mchezo wa watu wasio na kazi.

Sasa tuitie katika bunduki. Hapa ndipo mwenye duka angetubu. Chukua jembe, ulishike karibu na chuma chake, uone lilivyo jepesi. Halafu lishike mwisho kabisa wa mpini, ulinyoshe mbele yako, uhesabu polepole mpaka thelathini. Jembe ni lile lile. Bunduki ikiwekwa begani, mkono wa kushoto huishikilia kiasi cha nusu meta kutoka begani, lakini singe iko mbali zaidi ya meta moja. Kwa sababu hiyo gramu 470 zilizo mdomoni mwa bunduki huulemea ule mkono wa kushoto kama kilo moja na zaidi. Mtu mwenye nguvu huweza kulistahimili hilo kwa dakika moja au mbili, na hata husema mdomo wa bunduki umetulia vizuri kwa sababu ya uzito. Baadaye mkono huanza kutetemeka, na mdomo unashuka.

Risasi nayo hubadili njia. Mtutu hutikisika risasi inapopita, na ukiufungia kitu kizito mwishoni hutikisika kwa namna nyingine. Risasi haitakwenda pale ilipokuwa ikienda. Katika bunduki ile ya Waingereza singe haishiki mtutu wenyewe, bali hushika kofia ya chuma iliyo mwisho wa mti. Warusi walifanya kinyume. Bunduki yao ya Mosin-Nagant ilirekebishwa shabaha yake singe ikiwa imekwisha kutiwa, na askari wao wa miguu walikwenda nayo hivyo daima, bila ala yoyote. Basi mtu aliyeiondoa singe ili apunguze mzigo aliipoteza shabaha. Wao walimaliza taabu ya nyonga kwa kuihamishia yote mikononi.

Baada ya kuyasoma hayo nilianza kuuliza jambo ambalo labda lingeulizwa kwanza: singe ni chombo cha kazi gani? Kwa maana, kama ni mkuki, haihitaji kuwa nzito hata kidogo. Anayechoma hachomi kwa gramu za singe. Nyuma yake ipo bunduki ya kilo nne, na nyuma ya bunduki yupo mtu mwenyewe. Nguvu yote hutoka huko. Chuma cha mbele kinatakiwa kuwa kigumu na chenye ncha, basi. Lakini kama ni panga, mambo yanageuka. Anayekata hutegemea uzito wa chuma chenyewe, tena anautaka uwe mbele, karibu na ncha, ili pigo lishuke kwa nguvu bila yeye kujitaabisha. Mkuki unataka wepesi, panga linataka uzito, na askari amepewa kitu kimoja.

Katika vita vya 1939 hadi 1945 Waingereza waliamua kuwa singe ni mkuki tu. Kwa bunduki yao mpya iliyoitwa Nambari 4 walitoa singe isiyo na bapa wala mpini, kijiti cha chuma cha inchi 8, chenye uzito wa gramu 200 hivi. Kwa kuchukua ilikuwa raha tupu. Mtu aliweza kukimbia, kuketi, kutambaa, akasahau kama anayo. Lakini askari waliidharau. Hawakuweza kukatia mkate, wala kufungulia kopo, wala kuchongea kigingi cha hema. Ilipata kazi nyingine ya heshima baadaye, maana mpini wa kijembe ulitengenezwa upya ili kijiti kile kitiwe mwisho wake na kutumiwa kwa kudungadunga ardhi polepole, kutafuta mabomu yaliyozikwa. Hata hivyo, mtu aliyepunguziwa gramu mia mbili na sabini alijikuta akitafuta kisu cha kujaza nafasi ile ile.

Askari wetu huko Burma hawakutafuta mbali. Walichukua mapanga. Msituni kazi ya kukata njia ilikuwa ya kila saa, na kazi ya kuchoma mtu kwa singe, kwa rehema za Mungu, haikuwa ya kila siku. Nadhani hapo watu wetu walikuwa na elimu waliyoizaliwa nayo. Tazama sime ya Wamasai: bapa lake huanza jembamba penye mpini, kisha hupanuka kuelekea nchani. Mhunzi ameupeleka uzito kule unakofanya kazi. Ala yake ni ya ngozi nyekundu, nyepesi, nayo hubana chombo karibu na mwili, haining'inii. Panga la mkulima halina ala hata kidogo, na ndiyo sababu hulichukua mkononi au kwapani. Hiyo ni njia nyepesi kabisa, isipokuwa kwa mtu anayehitaji mikono yake miwili, au anayejikwaa.

Tangu siku zile singe zimeendelea kufupishwa, jambo ambalo lilikuwa na maana kwa kuwa bunduki zenyewe zimepata uwezo wa kupiga mfululizo na watu hawakaribiani kama zamani. Wamarekani waliingia vitani na singe ya inchi 16, na mwaka wa 1943 wakaamua kwamba inchi 10 zinatosha. Nyingi za zile ndefu zilikatwa zikafupishwa. Ile waliyoitoa kwa bunduki ya M16, iliyoitwa M7, ilikuwa na bapa lisilofika inchi 7. Ungedhani kwamba nyonga ya askari hatimaye imepata pumziko.

Lakini Warusi walikuwa wamezua jambo. Mwaka wa 1959 walitoa singe fupi ya bunduki ya AKM, yenye tundu katika bapa. Ala yake ina kigingi kidogo mwishoni. Ukikitia kigingi katika tundu, kisu na ala huwa mkasi wa kukatia seng'enge. Ni akili kubwa, maana kwa mara ya kwanza ala ilipewa kazi yake, haikuwa mzigo mtupu tena. Waingereza waliiga, wakaongeza msumeno na kinoo. Wamarekani nao waliiga katika miaka ya 1980 walipotoa singe ya M9: kisu kinene chenye meno ya msumeno mgongoni, na ala ngumu yenye kichwa cha mkasi na kinoo nyuma yake. Kisu peke yake kina gramu 400 hivi. Kikiwa ndani ya ala, uzito hukaribia mara mbili ya huo. Ukiuweka kwenye mzani wa mwenye duka, utaona tumerudi pale pale alipokuwa Mzee na singe yake ya chapa ya 1907, ijapokuwa bapa halifiki hata nusu ya urefu ule!

Hata hivyo si sawa kabisa. Chombo kifupi kizito hakigongi goti wala hakizuii mtu kuketi, na ile ya M9 ina kamba ya kuifunga pajani, kama Mzee alivyofanya kwa akili yake mwenyewe. Lakini gramu ni gramu, nazo hujumlishwa na risasi, maji, redio na fulana ya kuzuia risasi. Mwaka wa 2003 kikosi cha Marines cha Marekani kilichagua singe nyingine iitwayo OKC-3S. Bapa lake ni refu kidogo kuliko la M9, inchi 8, lakini mkasi wa seng'enge uliachwa, na mzigo wote pamoja na ala ukapungua. Walionelea kwamba mtu mmoja katika kundi akichukua mkasi wa haki, wengine hawana haja ya kuchukua nusu-mkasi kila mmoja. Mimi si askari, lakini nimekaa ofisini miaka ya kutosha kuona mafunguo kumi yakitolewa kwa makarani kumi kwa ajili ya kabati moja. Mwaka wa 2010 jeshi la nchi kavu la Marekani liliondoa mazoezi ya kushambulia kwa singe katika mafunzo ya askari wapya. Visu vyenyewe vimebaki.

Nirudi nyumbani kwa marehemu. Yule mdogo hakuridhika na maneno yangu ya vitabuni, akataka kujaribu. Tulikwenda shambani, yeye na singe ya baba yake, mimi na panga la kwangu la kawaida, ambalo kwenye mzani lilikaribiana sana na singe tupu. Tukaanza kukata majani ya ng'ombe. Panga lilikwenda vizuri. Singe iliyapinda majani ikayapita. Aliinoa, akajaribu tena. Ikakata, lakini kila pigo lilimtaka atumie bega, kwa kuwa uzito wake umekaa karibu na mpini, mahali pafaapo mtu anayechoma, na mbele ni nyembamba. Baada ya nusu saa kiganja kilikuwa na malengelenge. Akatazama lundo langu na lundo lake, akairudisha singe alani bila kusema neno. Ilipofika mdomoni ilikwama, ikambidi aisukume kwa mikono miwili.

Alipokwisha kuisukuma, aliishika kwa muda, akauliza, "Baba alikwenda nayo maili ngapi?" Kaka yake alitaja Kalewa, akataja na mahali pengine alipopajua kwa masimulizi. Tulijaribu kuhesabu, tukashindwa. Nadhani hapo ndipo ubishi ulipokwisha. Hakuna aliyeitaka tena kwa kazi, wala hakuna aliyependa itupwe.

Siku ya tatu tulikwenda wote kwa Chifu, nami nikasoma orodha. Alipofika kwenye singe aliomba aione. Aliipima kwa mkono akasema ni nyepesi, kama wote wasemavyo mara ya kwanza. Akaitia katika mkanda wake upande wa kushoto, akatembea hatua mbili tatu mbele yetu huku akicheka, kisha akarudi kuketi katika kiti chake cha mikono. Ncha ya ala iligonga mguu wa kiti, mpini ukapanda ukampata chini ya mbavu, akasimama tena upesi. Aliivua akailaza juu ya meza, juu ya karatasi zetu. Akasema atauliza polisi wilayani kama inaweza kukaa kwa familia, na kwamba kwa sasa niiandike katika orodha pamoja na ala yake, nami nikaandika: singe moja, chapa ya 1907, na ala ya ngozi, gramu 700 na zaidi.